Harufu Si Usafi

Gaudiosa aliolewa mtaa wa Izia akitokea kijiji cha Kate, na jambo la kwanza majirani walilogundua kwake ni kwamba alikuwa mtu wa kuuliza. Mume wake Vitus, fundi wa milango na madirisha, alishazoea. Akisema mlango huu tutaupaka rangi ya kijani, mkewe anauliza kwa nini kijani. Akisema Jumapili tuwahi misa ya kwanza, anauliza ya pili ina ubaya gani. Hakuwa mgomvi. Alitaka tu kukishika kitu kwa mikono yake ndipo aamini kwamba kipo.

Mikono hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Kule Majengo, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kulikuwa na gesti ya mama mjane aitwaye Monika. Monika alikuwa mtu wa ziwani. Mtaji wake aliupata kwenye dagaa, akiwanunua Kasanga na kuwapandisha huku juu gunia kwa gunia, miaka na miaka, mpaka akajenga. Alipofungua gesti, watu wa mjini wakamfanyia masihara. Walisema mashuka yake yananuka dagaa. Pengine ilikuwa kweli siku chache za mwanzo, kwa sababu stoo ilikuwa bado na magunia, lakini masihara hayo yaliendelea hata baada ya magunia kwisha, na yalimwingia mwenyewe moyoni. Tangu hapo Monika akawa na vita na harufu. Kila dawa ya usafi iliyofika madukani aliinunua: ya bluu, ya kijani, ya rangi ya waridi, yenye harufu ya limau, yenye harufu ya maua yasiyoota popote Ufipa. Alitaka mgeni akifungua mlango wa chumba akutane na harufu kabla hajakiona kitanda.

"Mgeni hainami kuangalia uvunguni," aliwaambia wafanyakazi wake. "Mgeni anakagua kwa pua."

Gaudiosa alifanya kazi kwake miaka mingi, yeye na mwenzake Rosina, dada mpole ambaye hakupenda maneno. Walifagia, walideki, walifua. Dawa zilimbabua Gaudiosa ngozi ya vidole, na jioni akirudi nyumbani mwanawe Zenon alikuwa akimtania kwamba mama ananukia kama choo kipya. Alicheka naye. Kazi ni kazi.

Ikafika mwezi wa saba wa mwaka mmoja, wakati ambapo baridi ya Ufipa haina adabu na upepo unaingia hata kwenye tundu la ufunguo. Gesti ilikuwa imelaza wageni wa harusi, na walipoondoka waliacha vyumba katika hali mbaya. Bafu la chumba cha mwisho ndilo lilikuwa baya kuliko yote, maana weusi ulikuwa umeshika kwenye maungio ya marumaru tangu masika. Monika alisimama mlangoni na koti lake zito, akaangalia, akasema dawa moja haitatosha hapo. Akamwagiza Gaudiosa achukue ile ya choo na ile ya kung'arisha mashuka, azichanganye, zitang'oa kila kitu.

Siku hiyo Gaudiosa hakuuliza. Alikuwa amechoka, na vyumba vingine vilikuwa vinamsubiri. Alifunga kadirisha ka bafu kuzuia upepo, akamimina ya kwanza sakafuni, akamimina ya pili juu yake, akapiga magoti na brashi.

Alisikia macho yakiwaka. Alidhani ndiyo nguvu ya dawa, kwamba inafanya kazi, akaendelea kusugua. Koo likambana kama mtu aliyemeza majivu ya moto. Alipotaka kuinuka, miguu haikumsikiliza. Tadei, mlinzi wa gesti, alikuwa uani anaota moto wa mkaa, akasikia ndoo ikianguka na hakusikia mtu akilalamika baada ya ndoo. Hilo ndilo lililomshtua. Alikwenda, akafungua mlango, naye mwenyewe akarudishwa nyuma na ule moshi usioonekana. Akajifunga shati puani, akamshika Gaudiosa kwapani, akamburuta mpaka uani.

Hospitali walimwekea hewa ya kupumulia. Daktari aliuliza alichanganya nini, na alipoambiwa akatikisa kichwa. Alimweleza Vitus kwamba dawa zile mbili hazitakiwi kukutana hata siku moja, kwamba zikikutana zinatoa hewa ya sumu inayounguza mapafu, na kwamba mkewe angekaa humo kidogo zaidi wangekuwa wanaongea habari nyingine. Vitus, mtu mkubwa mwenye mikono ya kubeba mbao, alikaa kwenye benchi la korido na kulia bila kujificha.

Monika alikuja na chupa ya uji wa ulezi na mapapai. Alilia pia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Alisema hakujua, na Gaudiosa alimwamini. Angejuaje, wakati hata yeye mwenyewe aliyezishika chupa kila siku hakujua. Yangeishia hapo, huenda wangebaki mtu na mwajiri wake mpaka uzeeni. Lakini alipokuwa anaaga, Monika alimpapasa bega na kumwambia asiwe na wasiwasi, akirudi kazini atakuwa amemtafutia dawa nyingine ya taratibu, inanukia vizuri kuliko zote.

Gaudiosa aligeukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka Vitus aliporudi kutoka kumsindikiza mgeni, na mumewe alipomuuliza kama anaumwa alisema haumwi, anafikiri.

Aliporuhusiwa, alikaa nyumbani mpaka nguvu zikarudi, ingawa kikohozi hakikuondoka. Siku aliyorudi kazini hakwenda stoo. Alikwenda moja kwa moja mapokezi, alipokuwa amekaa Monika, akasalimia, akabaki amesimama.

"Mama, kazi nitafanya," alisema. "Ila dawa sitamimina tena. Wala hiyo ya taratibu."

Monika aliuliza basi atasafishia nini. Gaudiosa akamwambia maji. Maji, dekio, brashi na mikono. Monika alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akisema atakwenda Mbeya kwa miguu. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza. Akamkumbusha kwamba hii ni gesti, si nyumba ya udongo kule shamba. Gaudiosa akajibu kwamba alizaliwa katika nyumba ya udongo kule shamba, na mama yake Stefania hakuwahi kununua dawa hata moja, na hakuna mtu aliyewahi kuingia humo akakuta uchafu.

Waliongea kwa muda mrefu. Sauti zilipanda na kushuka. Mwishowe ni Gaudiosa aliyetoa wazo. Vyumba vya upande wa barabara asafishe yeye kwa maji matupu, vya upande wa uani asafishe Rosina kwa dawa kama kawaida, halafu waone. Monika alikubali. Labda ni kwa sababu ya hatia iliyokuwa bado inamsumbua, labda alikuwa na uhakika wa kushinda. Rosina hakuulizwa.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri. Maji matupu hayana huruma kwa mvivu. Ilimbidi afagie vizuri kwanza, adeki, amwage maji yaliyochafuka, achote mengine, asuuze tambara, arudie. Upande wa barabara ndio ulioingiza vumbi jekundu lote la magari ya mahindi. Alifungua madirisha asubuhi hata kama baridi ilikuwa inauma, akatoa magodoro juani jua likipatikana. Kikohozi kilimkatisha mara kwa mara, akawa anaegemea ukuta, anasubiri kipite, anaendelea.

Na sakafu zake zilitakata. Hili hata Rosina alilikiri. Zaidi ya hapo kulikuwa na kitu ambacho wote wawili hawakukitegemea: sakafu za upande wa uani zilikuwa zinanata. Ukitembea na ndala zilikuwa zinatoa kasauti, kwa sababu Rosina, kwa agizo la Monika, alikuwa akimimina dawa nyingi bila kuisuuza ili harufu ibaki, na ule utando uliobaki ulikamata vumbi kama asali inavyokamata sisimizi. Mpaka saa nane mchana, vyumba vya dawa vilikuwa vimeshaanza kuweka rangi ya udongo. Gaudiosa alimwita Monika aje aone. Monika akaja, akapita na ndala zake, akasikia kile kisauti, akasema ni marumaru za bei rahisi.

Lakini gesti si sakafu peke yake. Siku moja alifika mnunuzi wa maharage, mtu wa Tunduma mwenye tumbo la heshima, akapewa chumba cha upande wa barabara. Hakukaa hata kidogo. Alirudi mapokezi na begi lake, akasema chumba hakijasafishwa. Monika akamwita Gaudiosa. Gaudiosa akamwomba yule bwana waende wote, amwonyeshe uchafu ulipo. Walikwenda. Mgeni alitazama sakafu, akatazama mashuka, akafungua bafu, akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha. Kidole kilitoka kama kilivyoingia. Akasimama katikati ya chumba akivuta pumzi.

"Hakinukii," alisema.

"Unataka kinuke nini, baba?"

Mgeni alifikiri, kisha akasema hajui, ila chumba kilichosafishwa kinanuka dawa, na hiki hakinuki dawa. Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuuma Gaudiosa zaidi, kwamba mtu alikiona chumba kwa macho yake mwenyewe, akakigusa kwa kidole chake, na bado akaamini pua. Alihamishiwa upande wa uani, ambako ndala zake zilinata, na alilala kwa furaha.

Wakaja wengine wa namna hiyo. Si wote. Wengine walilala na kuondoka bila neno, na mwalimu mmoja mwanamke alisema ni mara ya kwanza analala gesti bila kichwa kumuuma. Lakini asiyelalamika hahesabiwi. Monika alikuwa akiwasikia wale wenye malalamiko tu, na kila lalamiko aliliona kama mtu mwingine anayekumbuka dagaa.

Kisha likaja jambo la migebuka, wale samaki wa ziwani. Wavuvi wawili waliokuja mjini kununua nyavu walilala chumba cha upande wa barabara, wakanunua migebuka ya kukaanga, wakala humo humo chumbani. Asubuhi mafuta yalikuwa mezani, sakafuni, kwenye kitasa cha mlango, hata kwenye ukuta ambapo mmoja wao aliegemea mkono. Gaudiosa alichemsha maji. Alideki. Mafuta yakahama kutoka hapa kwenda pale. Alimwaga, akachemsha mengine, akasugua kwa brashi. Sakafu ikawa inang'aa yote, kwa maana sasa ilikuwa na mafuta yote. Rosina alipita akaona, akamshauri achukue kipande cha sabuni ya kufulia tu, sabuni si dawa. Gaudiosa akakataa. Alisema maji yataweza. Mpaka karibu na adhuhuri alikuwa bado yuko kwenye chumba kile kile, magoti yamelowa, kifua kinampiga, na vyumba vingine havijaguswa.

Rosina aliondoka. Alirudi na sabuni na ndoo ya maji ya moto, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kusugua. Povu likayakusanya mafuta, maji yakayachukua. Haikuchukua muda.

Monika alikuwa mlangoni. Alimwambia Gaudiosa kwamba sasa ameona mwenyewe, ameshindwa.

"Nimeshindwa na mafuta," Gaudiosa alisema, bado yuko chini. "Vumbi halijanishinda, mama. Matope hayajanishinda. Na mafuta nayo yameondolewa na sabuni ya kipande, si chupa yako ya maua."

Monika alisema hataki tena mashindano nyumbani kwake. Kesho yake vyumba vyote visafishwe kwa dawa, na asiyetaka anajua mlango ulipo. Gaudiosa akasimama, akavua glavu alizopewa baada ya kuugua, ambazo hakuwahi kuzipenda, akaziweka juu ya meza iliyokuwa imetoka kusafishwa. Akamshukuru Monika kwa miaka yote, na alimshukuru kwa moyo, kwa maana Zenon alikuwa amesomeshwa na kazi ile. Akachukua kanga yake, akapita uani kumuaga Tadei, akatoka.

Nyumbani Vitus hakufurahi. Aliunga mkono kwamba dawa zile mbaya aziache, lakini hakuelewa kwa nini asingetafuta njia ya katikati, aweke kidogo tu mlangoni ili mama wa watu aridhike. Alimwambia kiburi hakipikwi kikawa ugali. Gaudiosa akamjibu kwamba hata mapafu hayapikwi, na yeye anayo hayo tu.  Asubuhi Vitus aliamka kabla yake, akamtengenezea mpini mpya wa dekio, mti mwepesi ulionyooka, aliupiga msasa mpaka ukawa laini kama kijiko. Hakusema samahani wala hongera. Aliuegemeza mlangoni akaenda kazini.

Kwa dekio hilo Gaudiosa alianza kupita nyumba kwa nyumba, Izia na Majengo, akitafuta kazi ya kusafisha. Alikuwa muwazi kuliko inavyomfaa mtu anayetafuta kazi. Alieleza kwamba vumbi na matope ataondoa kwa maji, mafuta kwa sabuni, madirisha yatakuwa wazi muda wote, na chupa zao za harufu hatazigusa. Wengi walimfungia mlango kwa upole. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walimpa jina, Mama Maji, na akipita walimuuliza kama leo amewaletea ya kunywa au ya kudeki. Aliwajibu ya kunawa, maana wanaonekana hawajanawa. Walimpenda kwa hilo, lakini mapenzi ya kijiwe hayaleti kazi.

Aliyemchukua kwanza alikuwa bibi mmoja wa pale pale Izia, Marsiana, mwenye pumu ya siku nyingi. Watoto wake waliokuwa mbali walikuwa wanamtumia dawa za kusafishia kila Krismasi, na kila Krismasi yeye alikuwa anazisukuma uvunguni, kwa sababu kila anayemfungulia chupa alikuwa anamfungia pumzi. Gaudiosa alipoeleza masharti yake, Marsiana alicheka mpaka akakohoa, kisha wakakohoa wote wawili. Akamwambia amemtafuta mtu kama yeye tangu mumewe akiwa hai.

Kutoka kwa Marsiana neno likasambaa taratibu. Akapata nyumba ya mama mwenye kichanga, akapata ofisi ndogo ya fundi cherehani, akapata familia moja ambayo mtoto wao alikuwa anavimba macho. Haikuwa kazi ya kutajirika. Ilitosha, na kikohozi kilikuwa kimepungua, hakifiki nusu ya kile cha mwanzo. Kwa kadiri mambo yalivyomwendea, msimamo wake nao ulizidi kuwa mgumu. Jumapili nje ya kanisa aliwaambia akina mama wenzake kwamba dawa zote ni udanganyifu wa rangi, na maji hayajawahi kumuua mtu aliyedeki. Alianza kuipenda sauti yake mwenyewe akilisema hilo.

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa nyingi, Adolfu, mdogo wake Marsiana, alipanda kutoka ziwani kuja kumwona dada yake. Alifika akiwa anaumwa. Usiku ule ule tumbo lilimfunguka kama bomba, na asubuhi alikuwa amekauka midomo, hawezi kusimama. Wakamkimbiza hospitali kwa bajaji. Nyumbani kwa Marsiana choo, ukumbi na matandiko vilibaki katika hali ambayo majirani walikuwa wanaitazama wakiwa ng'ambo ya uzio.

Bwana afya wa kata, kijana anayeitwa Cornelius, alikuja na ndoo na unga wa klorini. Alisema nyumba isafishwe leo, kabla mtu mwingine hajashika kitu. Watu walikuwa wamekusanyika. Gaudiosa alikuwa pale na dekio lake, na kila mtu alikuwa anajua alichokuwa anakisema nje ya kanisa. Mmoja wa vijana wa kijiwe aliuliza kwa sauti kama Mama Maji atatumia maji.

 Gaudiosa alimgeukia Cornelius akamuuliza, kama alivyokuwa anauliza watu tangu utotoni, kama maji na sabuni haviwezi kazi hii. Cornelius hakumpuuza. Alimwambia maji na sabuni ndiyo mwanzo, vitaondoa uchafu, na bila hivyo hata klorini haifanyi kitu kwa sababu inaishia kwenye uchafu. Lakini ugonjwa huu ni vijidudu visivyoonekana, na kinachobaki sakafuni baada ya uchafu kuondoka kinatosha kumlaza mtu mwingine. Maji matupu yangekihamisha tu.

"Kama mafuta," Gaudiosa alisema.

Cornelius hakujua anazungumzia nini, ila aliitikia.

Marsiana, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti nje na kipulizio chake cha pumu mkononi, alimwita shoga yake huyo mdogo pembeni. Alimwambia asijilazimishe, kifua chake anakijua, atafutwe mtu mwingine. Gaudiosa akamwambia, "Shikamoo bibi, wewe kaa hapo hapo nje, upepo unakotoka." Hakuna aliyeelewa kwa nini alitoa shikamoo katikati ya maongezi, ila nadhani ilikuwa njia yake ya kuaga.

Alifungua milango yote na madirisha yote. Aliuliza kipimo cha klorini, akarudia mara ya pili kuhakikisha. Aliuliza kama ndani kuna chupa yoyote ya dawa ya choo, akaambiwa zipo uvunguni, akaagiza zitolewe zote nje ya uzio kabla hajaanza. Akajifunga kitambaa, akavaa glavu na viatu vya mvua vya Vitus. Alisafisha kwanza kwa maji na sabuni, kila kona, mpaka pakawa peupe. Kisha akapaka klorini, akatoka nje, akasubiri kwa muda ule alioambiwa, akikohoa ameinama juu ya mapaja yake huku Rosina, aliyepata habari akaja mbio kutoka Majengo, amemshika mgongo. Akarudi ndani. Akasuuza. Akarudia chooni.

Alipomaliza alikuwa na macho mekundu na sauti haitoki vizuri. Yule kijana wa kijiwe, ambaye nadhani alikuwa ameshaanza kuona aibu lakini hakutaka kuonekana, alisema basi Mama Maji leo kashika dawa.

"Nimeshika," Gaudiosa alimwambia. "Ugonjwa umekuja, nimetafuta dawa. Wewe ukiwa mzima unameza vidonge ili watu wasikie harufu ya hospitali?"

Hakuna mwingine aliyeumwa katika nyumba ile, wala za jirani. Adolfu alirudi ziwani amekonda lakini mzima. Kifua cha Gaudiosa kilichukua muda mrefu kutulia, na Vitus alimpikia uji, alimkanda mgongo, na hakusema hata siku moja kwamba nilikwambia. Nje ya kanisa Gaudiosa hakuacha kuongea, ila alibadilisha maneno. Sasa alikuwa anasema muulize uchafu jina lake kwanza, ndipo umtafutie mwenzake wa kupigana naye. Baadhi ya akina mama walisema amegeuka. Yeye alisema hajageuka, amesogea hatua mbele akiwa anatazama kule kule.

Monika alimfuata nyumbani kwake baada ya hapo. Alikuja amevaa vizuri, na kilo ya sukari kwenye mfuko, akakaribishwa, akakaa. Alikiri kwamba Rosina sasa anafungua madirisha na anasuuza, na sakafu hazinati. Alikiri kwamba dawa zile mbili alizitenga, moja aliiondoa kabisa. Alimtaka arudi, awe mkubwa wa usafi, afanye atakavyo. Gaudiosa alisikiliza na uso wake ukalegea, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mama huyu. Kisha Monika akaongeza kwamba jambo moja tu, dogo, asubuhi wakimaliza wanyunyize ile ya maua kidogo kwenye korido. Wageni wapate kuhisi.

Walitazamana. Gaudiosa akamwambia Monika jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama yule uso kwa uso. Alimwambia gesti yake hainuki dagaa. Haijanuka dagaa kwa miaka mingi. Anayesikia harufu ile amebaki mmoja tu.

Monika akazungusha kikombe cha chai. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hata hivyo hawezi kulala bila kunyunyiza. Gaudiosa akasema anaelewa, na yeye hawezi kuamka akanyunyize. Wakamaliza chai. Monika aliacha sukari, na wakikutana sokoni husimama kusalimiana kwa muda mrefu, wakiulizana watoto na mashamba, lakini korido ile hunyunyizwa mpaka leo, na Gaudiosa hajarudi.

Mwezi uliopita alikodiwa kusafisha ukumbi wa harusi Majengo. Ulikuwa umekaa bila kutumika tangu kiangazi kilichopita, vumbi lilikuwa limelala juu ya viti kama blanketi. Alifanya kazi tangu asubuhi na wanawake wawili aliowaajiri, maji kwa ndoo, sabuni pale jikoni kwenye masizi na mafuta, madirisha wazi na upepo wa Ufipa ukipita upande hadi upande. Alasiri akaja mjomba wa bwana harusi kukagua, amevaa suti na miwani ya jua. Alizunguka, akaridhika na viti, akaridhika na sakafu, kisha akasimama katikati ya ukumbi, akavuta hewa kwa pua, akakunja uso. Akauliza kwa nini hapanukii.

Gaudiosa alikuwa anakamua tambara lake. Hakuinua kichwa.

"Kesho mkipika pilau patanukia," alisema.

Mjomba alimtuma mtu dukani akanunue kopo la kunyunyiza. Kabla kopo halijafika, Gaudiosa na wenzake walikuwa wameshamwaga maji ya mwisho mtaroni, wakajitwika ndoo zao kichwani, wakaondoka zao.